Nani Kaigusa Mwisho

Zuhura mwanangu,

Salamu tusipeane. Asubuhi umenipa shikamoo yako nikiwa nafunga kamba za viatu, nami nikaitikia, na hiyo inatosha kwa siku moja. Sasa ni alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Kipalapala kumuaga mama yako mdogo, na mimi nimekaa hapa kibandani Gongoni mbele ya redio tatu zilizofunguliwa matumbo, sina nguvu ya kuzigusa hata moja. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe unajua ilivyo siku hizi, mtu redio ikimfia ananunua nyingine. Ni uchovu wa kubeba kitu kimoja mwaka mzima bila kukitua.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuoni Dodoma. Habari za kula, za kusali, za kufunga mlango na za kuchagua marafiki mama yako ameshazimaliza, na nina hakika huko njiani leo anazirudia kutoka mwanzo. Mimi huko sigusi. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu ile ruta yetu ya mtandao iliyokufa mwaka jana mvua zilipoanza, na linahusu kozi uliyoijaza kwenye fomu yako. Ukiona nazunguka sana kabla ya kulifikia, ujue baba yako anaogopa. Nivumilie kidogo.

Nianze na Mzee Maganga, maana hukumkuta hai. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, katika kibanda hiki hiki, kwenye meza hii iliyojaa makovu ya pasi ya kulehemu. Alikuwa Mnyamwezi wa maneno machache, anavaa koti hata jua la mwezi wa kumi linapochoma utosi. Mtu akileta redio iliyonyamaza, Maganga haifungui. Anaiweka mezani, anamtazama mwenyewe usoni, anauliza, "Nani kaigusa mwisho?"

Kila mtu alijibu vile vile: hakuna aliyeigusa, mzee, imenyamaza tu yenyewe. Maganga anasubiri. Anawasalimia wapita njia, "Mwangaluka, mwangaluka," anachokonoa kucha kwa bisibisi. Mwisho mwenye redio anakohoa, anasema, "Labda watoto walibadilisha betri jana." Hapo Maganga anafungua mlango wa betri na kukuta moja imelazwa kichwa chini. Alikuwa akisema kwamba vitu vichache sana huharibika vyenyewe, na kwamba kilichobadilika mwisho ndicho cha kukiangalia kwanza. Nimeishi kwa swali hilo zaidi ya nusu ya umri wangu. Limenilisha, likakulisha na wewe.

Ila sikukuhadithia kwamba swali lile lilishawahi kunishika mimi mwenyewe. Nilikuwa bado najifunza, mwaka wa pili, na nimeanza kujiona. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu mkali, alileta redio yake ya mbao aliyoipenda kama mtoto. Maganga alikuwa ametoka. Nikaiunganisha niijaribu, nikageuza nyaya, chanya nikaipeleka kwenye hasi. Moshi ulitoka mdogo tu, lakini harufu yake ilijaa kibanda. Mwalimu alipokuja kuichukua mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Maganga akamwambia, "Nimeiunguza mimi, mwalimu. Nipe wiki moja." Mwalimu akamsema maneno ambayo sitayaandika, akaondoka. Nilipomuuliza Maganga kwa nini kasema ni yeye, akanijibu, "Kibanda changu, mkono wangu," akaendelea na kazi.

Nilidhani amenihurumia. Miaka yote nilidhani hadithi ile ni ya huruma. Sikuona kwamba mwalimu yule aliendelea kuleta redio zake hapa hadi alipofariki, na kwamba Maganga hakupungua hata unywele kwa kusema "mimi." Kitu hicho nilikiona kwa macho yangu, na siku nilipokihitaji sikukikumbuka.

Sasa ruta.

Unakumbuka ilivyoingia nyumbani kwetu Ipuli. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, umeomba ule ufadhili wa kusomea mitambo ya mawasiliano, na wameshakujibu kwamba usaili utafanywa kwa video. Ukaniomba tuweke mtandao wa nyumbani, kwa sababu ule wa simu pale kwetu unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Nikakutania, "Babu zetu walibeba mizigo begani kutoka hapa mpaka pwani, miezi kwa miezi, na hawakuhitaji waifai." Ukanijibu, "Ndiyo maana walichelewa kufika, baba." Mama yako alicheka mpaka akamwaga chai. Nikakubali siku ile ile. Tukakiweka kile kiboksi cheusi chenye masikio mawili juu ya kabati la vyombo, na taa zake za kijani zikawa kama mtu wa nne ndani ya nyumba.

Siku mbili kabla ya usaili, Jumamosi, mtandao ulikuwa unakatika kila dakika chache. Ukaona kwenye simu kwamba ruta imeletewa programu mpya, ile inayoiendesha kwa ndani, na kwamba programu hiyo inatibu ugonjwa huo huo wa kukatika. Ukaamua kuiweka mapema ili Jumatatu usiaibike. Uliamua vizuri, Zuhura, na nataka ulisome neno hilo mara mbili. Ukabonyeza, ukasimama katikati ya sebule ukatutangazia: "Baba, mama, ruta isiguswe. Inaapdeti. Dakika kumi tu, lakini ikizimwa katikati inakufa." Kisha ukachukua ndoo ukamfuata mama yako bombani. Mimi nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, usingizi wa baada ya adhuhuri unanichukua.

Nilikusikia. Sitakuja kusema kwamba sikusikia.

Ikaanza ngurumo. Unazijua ngurumo zetu za mvua za kwanza. Hakuna nyumba Tabora isiyo na kisa cha televisheni iliyopasuka au mbuzi aliyepigwa malishoni. Na nyumba yetu ina desturi yake tangu enzi za bibi yako: wingu likisimama, mtu mmoja anapita kuchomoa plagi zote, mwingine anafunika kioo cha kabati kwa kanga. Nikainuka na usingizi machoni. Nikachomoa televisheni. Nikachomoa friji. Nikafika kwenye ruta, nikakuta taa yake moja inapepesa, nikakumbuka ulichosema. Hapa naomba unielewe bila kunihurumia. Nilisimama. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nikajiambia, huyu mtoto kajua lini mitambo kunizidi mimi? Maisha yangu yote nachomoa vitu wakati wa ngurumo, na hakuna hata kimoja kilichonifia kwa kuchomolewa.

Nikaichomoa.

Kioo nacho nikakifunika. Mvua yenyewe haikunyesha, wingu lilikwenda zake kuwanyeshea watu wa Urambo. Jua lilipotoka nikazirudisha plagi zote, nikakifunua kioo, nikarudi mkekani. Ulipoingia na ndoo kichwani ulikuta kila kitu mahali pake na ruta imewaka taa moja, nyekundu. Haya ulikuwa huyajui. Mama yako hayajui mpaka saa hizi ninapoandika.

Ukaitazama ukasema, "Mbona nyekundu?" Mama yako akageuka kunitazama mimi, maana fundi ndiye mimi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikauliza swali la Maganga. "Nani kaigusa mwisho?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliuliza. Nataka kuamini ni mazoea tu, mdomo ulitangulia kichwa. Lakini uliponijibu, "Mimi, baba, ndiye niliyebonyeza iapdeti," niliona mlango umefunguka nikapita. Nikasema, "Haya. Ndiyo matokeo ya kubonyezabonyeza." Mama yako akakugombeza kwa niaba yangu, kwamba hutulii, kwamba kila kitu kipya lazima ukichokoe. Ukainamisha kichwa. Uongo ule wakati huo ulikuwa mchanga kabisa, haujatimiza saa moja. Ningeweza kuumaliza kwa neno moja na tukacheka. Badala yake nikaanza kuulisha.

Mtu aliyedanganya hufanya kazi kwa bidii ya ajabu, nimejionea. Niliipima adapta, umeme wake ulikuwa kamili. Nikabadilisha soketi. Nikaazima adapta nyingine. Nikaizima, nikasubiri, nikaiwasha. Taa ile ile. Jumapili nikaileta hapa kibandani nikaifungua, na kwa kuwa fundi redio akikosa skrubu huitafuta chini ya lebo, nikaibandua lebo ya chini kwa kisu, nikaikunja, nikaitupa kwenye kopo la takataka. Ndani nilikuta kila kitu safi. Hakuna kilichoungua wala kilichovimba. Pua yangu ndiyo kipimo changu cha kwanza, na pua haikuniambia kitu. Nilikaa naitazama ile bodi ya kijani nikajiona mjinga kwa namna ambayo sijawahi tangu niliposhika bisibisi. Hakikuwa kimevunjika kitu chochote cha kushikika. Ruta ilikuwa inasomewa maagizo mapya, na mimi nikamnyamazisha msomaji katikati ya sentensi. Ikabaki haijui la kufanya.

Wewe ulikuwa umeshayajua hayo. Ulikuja hapa mchana ule na karatasi ya daftari, umeandika kila hatua kwa mwandiko wako wa mitihani. "Baba, wanasema kuna tundu dogo nyuma. Unalibonyeza kwa pini huku unaiwasha, unashikilia mpaka taa ibadilike. Halafu unaiunga na laptopu kwa waya, siyo kwa waifai. Inakufungulia ukurasa wa kuiokoa, unaipa programu yake upya. Ila lazima iwe ya namba ile ile iliyoandikwa chini ya ruta, na toleo lile lile, ukikosea ndiyo inakufa moja kwa moja." Ukaninyooshea karatasi. "Naomba nijaribu, baba."

Nikakuambia, "Umeshaiua, sasa unataka na kuizika?"

Kulikuwa na mteja amekaa kwenye benchi, akacheka. Ukaikunja karatasi yako mara mbili, ukaniaga kwa adabu, ukaondoka. Karatasi ile ilikuwa sahihi mstari kwa mstari. Na nikuambie aibu yangu nyingine, ndogo lakini inachoma: niliogopa kwamba ukiiunganisha na laptopu, ruta itakuandikia mahali fulani kwamba ilichomolewa, na saa ngapi. Sikujua mitambo hii inasema nini na inaficha nini. Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nililiona vizuri sana, nikalikalia.

Jumatatu mvua ikanyesha ya kweli. Ulifanya usaili wako sebuleni kwa mtandao wa simu, mimi nikakaa barazani, mlango umerudishwa. Nikakusikia: "Samahani, swali sijalipata." Kimya. "Mnanisikia? Haloo?" Kimya. "Samahani, naomba mrudie." Nilihesabu samahani zako mpaka nikaacha. Mtu mmoja upande wa pili akasema kitu kuhusu muda. Ulipotoka ulikuwa umevaa lile gauni la Idi ulilolipiga pasi tangu usiku, ukasema, "Imeisha, baba," ukapita kwenda jikoni kumenya mihogo. Ukamenya mingi kuliko tuliyoweza kula.

Hawakukuchukua. Sijui kama mtandao usiokatika ungekupa ile nafasi. Huenda wangemchagua mwingine hata kama ungesikika kama redio ya taifa. Lakini nafasi ya kulijua hilo niliichomoa mimi kwa mkono wangu wa kulia.

Ukakaa nyumbani mwaka. Na baada ya wiki kadhaa, Ijumaa moja nilipokwenda kusali, nikakuacha hapa unilindie kibanda. Niliporudi nikakuta laptopu ya rafiki yako juu ya meza, waya umeunganishwa, na ile lebo umeifukua kwenye kopo la takataka, umeinyoosha, umeigundisha vipande vipande kwenye gamba la daftari ili namba zisomeke. Na ruta ikiwa imewasha kijani. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Imekubali, baba."

Nikakuambia, "Umebahatisha."

Jirani yetu fundi viatu akachungulia akauliza, "Fundi, umeiweza?" Nami nikamjibu, "Kazi yetu hiyo." Ulikuwa umesimama pale pale unakunja waya. Lawama nilikupa wewe, sifa nikajichukulia. Leo asubuhi nimekwenda kukaa kwenye kigoda chake nikamweleza kisa chote, kuanzia ngurumo mpaka kopo la takataka. Alikuwa ameshika kiatu cha mtu, akakisikiliza kisa bila kupiga msumari hata mmoja. Akasema, "Sasa mimi unaniambia ya nini? Binti yuko wapi?" Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Lakini hata hayo yote ningeweza kufa nayo, kama wazee wengi wanavyokufa na yao. Kilichonivunja ni chakula cha jioni ile ulipomaliza kujaza fomu za chuo. Mama yako akakuuliza umechagua nini, ukasema utunzaji kumbukumbu. Akashangaa, "Si ulikuwa unalilia mitambo ya mawasiliano wewe?" Ukamega tonge lako, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja urefu wake: "Mimi nikigusa mitambo inaharibika, mama. Bora makaratasi, hayaungui." Mama yako akacheka akidhani ni utani. Mimi nilijua si utani. Nilikuwa na tonge mkononi na maneno yote mdomoni.

Nikaomba chumvi.

Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau kwa chumvi ile.

Tangu siku hiyo nimejaribu. Ramadhani nilijiambia nitasema kabla ya mfungo kuisha, mtu hawezi kushinda na njaa kwa ajili ya Mungu huku ameshiba uongo. Nikasema nitasema baada ya Idi, nisiharibu sikukuu. Baada ya Idi mama yako akaugua mgongo. Alipopona nikasema majibu ya chuo yaje kwanza. Kila wiki ilikuwa na sababu yake nzuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimeitembea mwaka mzima, na miguu inaniuma.

Wakati mwingine nawaza kwamba ulijua. Siku ile ya Ijumaa ulinitazama kidogo zaidi ya kawaida, ukataka kusema neno, ukaliacha. Kama ulijua ukaninyamazia kwa sababu mimi ni baba, basi ulinibebea mzigo ambao haukuwa wako, na adabu tuliyokufundisha mimi na mama yako ilikuumiza wewe ikanilinda mimi. Ndilo linalonisumbua unapokwenda huko mbali. Wewe una haraka ya kusema "mimi." Mtu akiuliza kwa sauti nzito, wewe unainamisha kichwa kabla hujafikiri. Huko kutakuwa na watu wenye sauti nzito kuliko yangu, na baadhi yao watakuwa ndio waliochomoa. Uliza nao walikuwa wapi wakati wa ngurumo. Hata kama ni wakubwa zako. Ningefurahi sana kama ungeanza na mimi.

Sitakuambia useme ukweli daima, maana ningemwambia nani, mimi mwenye historia hii? Nilichojifunza ni kidogo na ni cha kifundi. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la mtu aliyetoka usingizini na kujiona anajua. Kosa hilo lilikuwa na dawa: pini, waya, karatasi yako, na kijana wa moyo mtulivu kama wewe wa kuifuata hatua kwa hatua. Taa nyekundu haikuwa kifo. Kilichoharibu ni yale niliyoyaongeza juu yake kuificha, bisibisi, kisu, kejeli mbele ya mteja. Ruta ilipona kabla ya mwezi kwisha. Wewe bado.

Basi nisikilize juu ya kozi, halafu nitanyamaza. Kutunza kumbukumbu ni kazi ya heshima, na kama moyo wako uko huko, soma, nami nitajivuna barabarani. Lakini kama umekwenda huko kwa kuikimbia ile taa nyekundu, basi umechagua kwa kufuata uongo, na mwenye uongo ni mimi. Nimekwenda kumuona mwalimu wako wa fizikia. Nilimwambia sababu, sikumficha. Amesema vyuo vingi huruhusu mwanafunzi kuhamia kozi nyingine katika wiki za mwanzo, kama alama zinatosha na nafasi ipo. Alama zako amezitazama, zinatosha. Nafasi hakuna anayeweza kukuahidi mpaka uulize. Akaongeza kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajamuona mwanafunzi anayeuliza kilicho ndani ya kitu kama wewe. Nilimwambia ningetamani angeniambia hayo mwaka jana. Akasema, "Mwaka jana hukuja kuniuliza, mzee."

Kwa hiyo dirisha lako ni hizo wiki chache. Ndiyo maana barua hii haikuweza kungoja mpaka uje likizo. Sikuambii uhame. Nakurudishia habari niliyokuibia, kwamba mkono wako si mzito, haujawahi kuharibu mtambo wowote nyumbani kwangu, na ule mmoja uliokufa uliufufua wewe wakati fundi mzima ameshindwa. Chagua ukiwa na hilo mkononi.

Nilipoanza kuandika, nilipanga kuichomeka barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukishafika. Ungelia au ungekasirika huko huko na ukuta wa chumba kigeni, na mimi ningekuwa hapa salama nasubiri simu yako kwa ujasiri wa mtu aliye mbali. Nimefika katikati ya ukurasa wa tatu ndipo nikajiona. Huo nao ungekuwa ujanja.

Nitakupa mkononi. Leo, kabla ya chakula, mama yako akiwa amekaa hapo hapo, kwa sababu nilikusingizia mbele yake na mbele yake ndipo pa kukusafishia. Isome kwa sauti ili na yeye asikie. Macho yangu yakienda chini, usiyafuate, endelea kusoma. Ukimaliza, uliza chochote unachotaka, na heshima ya baba na binti tuiweke kando kwa jioni moja. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kunyamaza mpaka Dodoma, nyamaza, ila begi lako mpaka stendi nitalibeba mimi, na shikamoo yako ya asubuhi sitaidai.

Mmeshapita barabarani sasa hivi kutoka Kipalapala, nimewaona, mama yako na kapu la karanga, wewe unacheka na kitu alichosema. Hamkuniona. Nafunga kibanda. Nitatembea polepole, lakini nakuja.

Baba yako.